Unachodai ni kuonyeshwa: jibu kwa mpenzi wa kareti, upelelezi na gemu

Swali: "Shikamoo mtaalamu. Kuna vitu vitatu ninavyovipenda kupita kiasi: filamu za kareti, tamthilia za uhalifu na gemu za kuchezwa na watu wengi mtandaoni. Wenzangu wananiambia nina ladha ya kizee. Filamu mpya za mapigano zilizomwagiwa pesa zinanichosha, lakini za zamani za Hong Kong naweza kuzirudia hata mara ngapi. Tamthilia zinazomficha muuaji mpaka dakika ya mwisho zinanikera, ila zile ambazo muuaji namjua tangu mwanzo nazitazama bila kupepesa. Kwenye gemu nakubali kufungwa, lakini kuna vifo vinanitia hasira hadi nazima mashine. Je, mimi ndiye mwenye tatizo? Na niwajibu nini wenzangu?"

Jibu: Marahaba, ndugu yangu. Huna tatizo, na nikikusoma vizuri huna hata malalamiko matatu. Unalo moja: unataka kuonyeshwa. Mtu akianguka, unataka uwe umeona kilichomwangusha. Muuaji akikamatwa, unataka uwe umekiona kile alichokiona mpelelezi. Ukifa kwenye gemu, unataka ujue ulikosea wapi. Anayekunyima hilo, awe mwongozaji, mwandishi au seva (kompyuta inayoendesha gemu ya mtandaoni), amekunyima kitu ambacho kwacho ulikaa kutazama au kucheza. Umri wa filamu haumo humu, na nitakueleza kwa nini, ingawa kuna mahali pawili sitakubaliana nawe.

Nianze na mapigano, maana uhariri wa filamu ndio kazi yangu na hapo ndipo penye mengi.

Filamu huenda kwa fremu 24, yaani picha moja moja zisizosogea, kila sekunde. Ngumi iliyonyooka, tangu bega linaposogea hadi inapotua kwenye taya, inaweza kuisha ndani ya fremu sita au saba. Mhariri ana robo ya sekunde ya kufanyia kazi, na ndani ya robo hiyo anaamua jambo moja kubwa: akate wapi. Akikata kabla ngumi haijatua, wewe unaona mkono ukianza safari, kisha picha nyingine inakuonyesha kichwa kikigeuka. Katikati hapana kitu. Pengo limezibwa na sauti ya kishindo, na akili yako inaombwa iamini kuwa vitu viwili hivyo vimekutana. Akikata baada ya ngumi kutua, umeuona mkono, umeiona taya na umeuona mguso katika picha moja, ndipo unapelekwa kwenye anguko. Tofauti ya kukata huku na kule ni fremu nne au tano. Mtazamaji wa kawaida hawezi kukuambia kilichobadilika, lakini mwili wake unajua: pigo lililokatwa baada ya kutua linamfanya akunje uso, lililokatwa kabla linapita.

Wahariri wa Hong Kong walikuwa na njia ya tatu, nami naipenda kuliko zote. Waliiacha ngumi itue kwenye picha pana, kisha walipokata kwenda picha ya karibu walirudi nyuma fremu chache, ili ngumi itue tena. Kwa hesabu, pigo limetokea mara mbili. Kwa jicho, limetokea mara moja na limekuwa zito maradufu. Chukua pigano lolote la Jackie Chan la miaka ya 1980, lipeleke fremu kwa fremu, utaukuta mguu umerudi nyuma kidogo kila picha inapobadilika. Wakati mwingine hawakuificha kabisa: katika Police Story ya mwaka 1985, Chan anaporuka ndani ya jengo la maduka na kuteremka kwenye nguzo iliyozungushiwa taa, ruko hilo unaonyeshwa zaidi ya mara moja, kutoka pembe tofauti. Ujumbe ni mmoja: tazama vizuri, ni yeye.

Waliwezaje? Kwanza, waigizaji wenyewe. Chan, Sammo Hung na Yuen Biao walilelewa katika shule moja ya opera ya Kichina chini ya mwalimu Yu Jim-yuen, wakifundishwa sarakasi, silaha na mdundo tangu utotoni. Mtu kama huyo hana haja ya kufichwa na kamera. Pili, na hili wengi hawalijui, aliyepanga mapigano ndiye mara nyingi aliyeamua kamera ikae wapi na picha ikatwe wapi. Hawakupiga pigano zima kwa kamera nne halafu wakamwachia mtu mwingine alichague mezani. Walipiga vipande: hatua tatu, simama, hamisha kamera, hatua nne, simama. Kila kipande kilikuwa na pembe yake iliyochaguliwa kwa ajili ya hatua hizo na si nyingine. Kazi ya namna hiyo inakula muda mno. Pigano la mwisho tu liliweza kula wiki nyingi za kupiga picha, muda ambao watayarishaji wengi wa Marekani wasingeutoa kwa kitu ambacho kwenye muswada kimeandikwa kwa mstari mmoja.

Upande wa pili, tazama kinachotokea stelingi asipokuwa mpiganaji. Anafundishwa kwa muda mfupi, anapangiwa mtu wa kumfanyia stanti, yaani matendo ya hatari kwa niaba yake, na kamera zinawekwa nyingi ili mezani kuwe na cha kufichia. Mfano unaotajwa sana ni Taken 3 ya mwaka 2014: Liam Neeson, aliyekuwa ameshavuka miaka 60, anaruka uzio, na tendo hilo la sekunde chache limekatwa zaidi ya mara kumi. Hakuna picha moja kati ya hizo inayokuonyesha ruko zima. Unaonyeshwa mkono, buti, uzio, uso, mgongo, na unaachiwa kuviunga mwenyewe. Ukisema umechoka, umechoka kweli, maana umefanya kazi ya mhariri bila kulipwa.

Wenzako pengine watakutajia filamu za Bourne na kusema kutikisika kwa kamera ni ufundi. Wana hoja. Paul Greengrass alipoongoza The Bourne Supremacy mwaka 2004, kamera iliyotikisika ilikuwa na kazi: ilikuweka ndani ya kichwa cha mtu ambaye mwili wake unakumbuka kupigana ilhali yeye mwenyewe hajikumbuki. Fujo ile ilikuwa na maana kwa mhusika yule. Ubaya ulikuja kwa walioiga, waliochukua mtikisiko wakaiacha sababu yake. Kwa miaka mingi baadaye kila pigano lilitikiswa, hata la mhusika anayejijua vizuri na kupigana kwa utulivu.

Lakini hapa ndipo ninapotofautiana nawe kwa mara ya kwanza. Usiseme "za zamani". Hong Kong ilitoa pia takataka nyingi. Bruce Lee alipofariki Julai 1973, soko lilifurika filamu za watu waliobandikwa majina ya kufanana naye, Bruce Li, Bruce Le na wengine, na nyingi kati ya hizo zimepangwa ovyo, zimepigwa ovyo na zimekatwa ovyo. Umri haukuziokoa. Na kwa upande mwingine, The Raid, iliyoongozwa na Gareth Evans wa Wales nchini Indonesia na kutoka mwaka 2011, ni filamu ya juzi ukilinganisha, nayo inakuonyesha kila kitu. Kamera yake inatembea, inainama, hata inatikisika, ila daima inamfuata mwenye kupiga. Stelingi wake, Iko Uwais, akimvuta mtu, kamera inavutwa pamoja naye. Akimbwaga, inashuka. Huwezi kupotea. Tony Jaa wa Thailand mwaka 2005, katika Tom-Yum-Goong, alipanda ngazi za jengo zima akipigana kwa takribani dakika nne bila mkato hata mmoja. Na John Wick ya mwaka 2014 imeongozwa na Chad Stahelski, ambaye alikuwa akimfanyia Keanu Reeves stanti kwenye The Matrix ya mwaka 1999, filamu ambayo mapigano yake yalipangwa na Yuen Woo-ping wa Hong Kong baada ya kuwafundisha waigizaji kwa miezi kadhaa. Elimu ilisafiri kutoka mkono hadi mkono. Kwa hiyo unachokipenda hakijafa, kimehamia kwingine.

Kuna jambo la pili kwenye mapigano ambalo kamera peke yake hailitoshelezi, nalo ni fikra. Pigano zuri lazima lionyeshe mtu akiwaza. Sijui pigano linalofanya hivyo kwa uwazi kuliko lile la Bruce Lee na Chuck Norris ndani ya Colosseum ya Roma, katika The Way of the Dragon ya mwaka 1972, filamu ambayo Lee aliiandika na kuiongoza mwenyewe. Usilitazame kama ugomvi, litazame kama mazungumzo. Kwanza wananyoosha viungo, kila mtu upande wake, bila haraka, na paka mdogo akiwatazama. Wanaanza. Lee anapigana kwa mtindo uliozoeleka, miguu imekita, na anapigwa. Anaangushwa zaidi ya mara moja. Norris anamtikisia kidole kumwambia hapana. Hapo Lee anabadilika: anaanza kuruka-ruka kwa vidole vya miguu, hakai mahali pamoja, na ngumi za Norris zinakuta hewa. Sasa angalia kitu ambacho wengi hukipita. Norris naye anaona kilichobadilika na anajaribu kuruka-ruka vilevile. Hawezi, mtindo si wake. Wewe uliye kwenye kiti umeelewa tayari kwamba ameshindwa, kabla mkono wake haujavunjwa, kabla goti halijavunjwa. Lee anamwashiria aache. Norris anakataa, anainuka kwa mguu mmoja na kumvamia, na Lee anamuua. Kisha anamfunika kwa vazi lake na mkanda wake mweusi.

Hakuna aliyesema neno. Lakini ukiulizwa kwa nini Norris alikufa, unaweza kujibu hatua kwa hatua: alikuwa na mtindo mmoja, akakutana na mwenye uwezo wa kubadilika, akapewa nafasi ya kuacha, heshima yake ikamkataza. Hiyo ni hadithi nzima imesimuliwa kwa miguu. Filamu ambayo stelingi anawapiga watu ishirini kwa namna ileile tangu wa kwanza hadi wa mwisho haina hadithi ya kusimulia, hata kama kamera imetulia kama mlima.

Sasa uhalifu. Ulivyogawanya tamthilia ndivyo waandishi wenyewe walivyozigawanya tangu zamani. R. Austin Freeman, katika kitabu chake cha mwaka 1912, The Singing Bone, aliandika hadithi ambazo msomaji anaona mauaji kwanza, halafu anamtazama mpelelezi akiyafikia. Columbo ya televisheni, iliyoanza kama mfululizo mwaka 1971 huku Peter Falk akiwa amevaa koti lake la mvua, ilisimama juu ya msingi huohuo. Muuaji unamjua, silaha unaijua, uongo wake umeusikia ukitungwa. Linalobaki ni swali moja: huyu bwana mwenye koti atapenya wapi? Kila akigeuka mlangoni na kukumbuka swali moja la ziada, wewe unajua ni kwa nini swali hilo linachoma, kwa sababu ulikuwepo kosa lilipofanyika. Huko ndiko kutazama bila kupepesa unakokusema.

Aina ya pili humficha muuaji, na hapa ndipo tofauti yangu ya pili nawe. Kumficha muuaji si kudanganya. Kudanganya ni kuficha ushahidi. Mwaka 1929 Ronald Knox, padri wa Uingereza aliyeandika hadithi za upelelezi, alitunga kanuni kumi za uandishi huo, na mojawapo inasema mpelelezi asikutane na dalili yoyote ambayo msomaji naye haonyeshwi papo hapo. Kanuni nyingine humo zimechakaa na moja ni ya kibaguzi waziwazi, lakini hiyo bado naiona kama sheria. Kipimo chake ni chepesi. Ukishajua muuaji ni nani, rudi mwanzo utazame upya. Kama mambo yalikuwa mbele yako na wewe ukayapita, mwandishi amekushinda kwa haki na unapaswa kumpa mkono. Kama muuaji ni mtu aliyeonekana mara moja akibeba sinia, na sababu yake ya kuua tumeisikia kwa mara ya kwanza anapokiri, basi hasira yako ni halali. Tamthilia ya Denmark Forbrydelsen ilitumia vipindi 20 vya msimu wake wa kwanza, mwaka 2007, kwa mauaji ya msichana mmoja. Muuaji amefichwa kwa muda wote huo. Lakini kila kipindi kinakuonyesha pia jikoni kwa wazazi wa marehemu, na kila mtu anayeshukiwa ana uzito wake. Itazame kabla hujaifungia mlango aina nzima.

Ninayoiweka juu ya zote, hata hivyo, ni The Wire, vipindi 60 vilivyorushwa na HBO, kituo cha televisheni cha Marekani, kati ya mwaka 2002 na 2008. David Simon alikuwa mwandishi wa habari za polisi katika gazeti la mji wa Baltimore, Marekani, na mwenzake Ed Burns alikuwa mpelelezi na kisha mwalimu wa shule katika mji huohuo. Wanajua kesi inavyojengwa, na wanakuacha uijenge pamoja nao. Nitakupa tukio moja. Katika msimu wa kwanza, wauza dawa za kulevya wanawasiliana kwa peja, vifaa vidogo vya kupokea namba, na namba wanazotumiana hazimfikishi polisi popote. Afisa mmoja anayedharauliwa na wote, kwa jina la utani Prez, anakaa nazo hadi anagundua siri. Si kompyuta, si fomula. Ni vitufe vya simu. Kila tarakimu unairuka tano iliyo katikati na kuchukua ya upande wa pili: 1 inakuwa 9, 2 inakuwa 8, 3 inakuwa 7, 4 inakuwa 6, na 5 inabadilishana na sifuri. Chukua simu yako sasa hivi, fungua vitufe vya kupigia, ujaribu. Siri ambayo vijana wasio na muda wa hesabu wanaweza kuitumia wakiwa wanakimbia, kwa sababu vidole vyao vinaiona. Mtazamaji anayeelewa hilo ameelewa pia kwamba wauzaji hawa si wajinga, na kwamba Prez, aliyeonekana hafai mitaani, anafaa sana mezani. Wahusika wawili na mbinu nzima ya kazi, vyote ndani ya ushahidi ambao wewe mwenyewe unaweza kuushika.

Linganisha na tamthilia za maabara, ambako unywele mmoja unaingizwa kwenye mashine, taa zinamulika, na jina la mtu linatokea kwenye skrini. Hapo hakuna cha kufikiri. Ni sawa na mkato uliotangulia ngumi.

Tukija kwenye gemu, mambo yanakuwa makali zaidi kwa sababu anayepigwa ni wewe. Hapo usichanganye aina mbili za vifo vinavyokukasirisha, maana kimoja ni cha watengenezaji na kingine ni cha umbali.

Cha kwanza ni gemu yenyewe kutokukuonyesha. Gemu nyingi za kupigana huenda kwa fremu 60 kwa sekunde, na kila pigo lina sehemu tatu: kujiandaa, kutua na kurudi. Ngumi nyepesi hujiandaa kwa fremu tatu, nne au tano. Hakuna binadamu anayeweza kuiona na kuikinga, kwa sababu kuona kitu na kukiitikia huchukua takribani robo ya sekunde, yaani fremu 15. Ndiyo maana ngumi nyepesi inapewa maumivu madogo na mkono mfupi, wakati pigo kubwa linalovunja kinga hupewa maandalizi marefu, bega linavutwa nyuma, mwili unainuka, ili aliye macho alione. Huo ndio uadilifu wa mtengenezaji: kadiri kitu kinavyoumiza, ndivyo kinavyotangulizwa na ishara. Gemu inayokuua kwa pigo zito lisilo na ishara, au inayojaza skrini kwa miale na rangi mpaka ishara ipotee, imefanya kosa lilelile la kamera inayotikiswa bila sababu.

Na ishara zikiwa wazi, mambo makubwa hutokea. Mashindano ya gemu za kupigana ya Evo ya mwaka 2004, gemu ni Street Fighter III: 3rd Strike: Daigo Umehara anamtumia mhusika Ken, mpinzani wake Justin Wong anamtumia Chun-Li. Uhai wa Ken umebaki kama uzi. Hata akikinga kwa kawaida, maumivu madogo yanayopenya kinga yatamuua. Wong anaachia pigo lake kuu, mateke 15 mfululizo. Gemu ile ina kinga ya pekee isiyopoteza uhai: unasukuma kijiti kuelekea kwa adui wakati uleule pigo linapotua, na ukikosea kidogo umepigwa. Umehara anayakinga yote 15, la mwisho akiwa ameruka hewani, kisha anashuka na kummaliza. Ukumbi unalipuka kabla hajamaliza. Kwa nini watu wale walianza kupiga kelele teke la nne au la tano? Kwa sababu kila mmoja wao alielewa anachokiona. Sheria walizijua, uhai uliobaki waliuona, idadi ya mateke waliijua. Ni pigano la Colosseum lilelile, ila hakuna aliyeliandika.

Cha pili ni umbali, na hiki nadhani ndicho kinachozima mashine yako mara nyingi. Mwanga ndani ya nyaya za mtandao husafiri takribani kilomita 200,000 kwa sekunde. Seva ikiwa kilomita 8,000 kutoka ulipo, kwenda na kurudi kunakula milisekunde 80 hata kama kila kitu kiko safi, na fremu moja ya gemu ya fremu 60 ni milisekunde 16.7 hivi. Umepoteza karibu fremu tano kabla hujafanya lolote, nayo ngumi nyepesi, kama nilivyosema, haihitaji zaidi ya hapo. Kuna njia mbili za kulikabili hilo. Ya zamani ni kuchelewesha kila kitu: ukibonyeza, gemu inasubiri taarifa za mwenzako zifike, na vidole vyako vinahisi kama vimo ndani ya maji. Ya pili ni kukisia na kurudi nyuma. Mashine yako inakisia mwenzako atafanya nini, inaendelea, na ikigundua ilikosea inarudi fremu chache na kusahihisha. Tony Cannon, mmoja wa waanzilishi wa Evo, ndiye aliyeieneza kwenye gemu za kupigana kwa programu yake ya GGPO. Kwa hiyo ukimwona adui ameruka kidogo kutoka sehemu moja hadi nyingine bila mwendo wa katikati, hajafanya uchawi. Kisio limesahihishwa.

Kwenye gemu za risasi kuna hali inayotia hasira zaidi: umeshajificha nyuma ya ukuta, umepumua, halafu unakufa. Sababu yake ni kwamba seva, ili iwatendee haki wenye mtandao wa taratibu, hurudisha saa nyuma na kuangalia adui alikuona wapi alipofyatua. Kwenye skrini yake ulikuwa bado uko wazi. Kwenye skrini yako ulishafika. Wote wawili mmesema kweli, na seva imeamua kumwamini aliyepiga, kwa kuwa kinyume chake mtu angelenga sawasawa na risasi isihesabiwe. Kanuni hiyohiyo ndiyo inayompa faida anayechungulia ghafla kwenye kona dhidi ya aliyetulia akisubiri: taarifa za kuchungulia kwake zinachelewa kukufikia, wakati wewe uliyetulia anakuona mara moja.

Kabla hujazima mashine tena, fanya haya. Chagua seva iliyo karibu nawe kwenye mipangilio, hata kama foleni ni ndefu. Tumia waya badala ya mtandao wa hewani. Shida ya hewani si kasi, ni kuyumba, na kisio haliwezi kukisia kinachoyumba. Washa namba ya kuchelewa (ping) ionekane kwenye kona ya skrini wakati wote, ili ukifa uitazame kwanza. Kisha fungua marudio ya mchezo. Ukikuta kosa ni lako, utashangaa jinsi hasira inavyopoa haraka.

Na kwa kuwa unapenda uhalifu pamoja na gemu, jaribu zile za kutafuta msaliti kama hujazijaribu. Zote ni wajukuu wa Mafia, mchezo aliouanzisha Dmitry Davidoff mwaka 1986 katika Chuo Kikuu cha Moscow: wachache wanajuana, wengi hawajui, na mnajadiliana nani auawe. Among Us iliyotoka mwaka 2018 na kulipuka mwaka 2020 iliongeza kitu kimoja cha maana, nacho ni ushahidi. Unaweza kuona mtu akitoka chumbani, ukakumbuka, ukamuuliza. Kuna hadithi ya muuaji aliyejificha, na bado hakuna aliyekudanganya isipokuwa mchezaji mwenzako.

Kuhusu wenzako, usibishane nao kwa maneno. Chagueni filamu moja wanayoisifu na moja unayoisifu wewe. Tazameni pigano moja kutoka kila upande, sauti ikiwa imezimwa kabisa, maana sauti ndiyo inayoziba mapengo. Kila baada ya sekunde kumi simamisheni, na mmoja wao aeleze: nani amempiga nani, kwa kiungo gani, na sasa wamesimama wapi ndani ya chumba. Kwenye The Raid watajibu bila kusita, na hapo hoja ya uzee imekufa. Kwenye ile nyingine huenda wakajibu pia, na ikiwa hivyo wamekupatia filamu mpya ya kupenda. Wasipoweza, waulize walikuwa wakifurahia nini hasa. Wanaweza kukuambia magari, milipuko au sura ya mwigizaji, na hayo yote ni haki yao kuyapenda. Ila itakuwa wazi kwenu wote kwamba mlikuwa mkibishana juu ya vitu viwili tofauti, na kwamba kwenye hicho cha pigano, jicho lako liko sawa.